Mgomba wa Kibumba

Umeme ulikuwa umekatika siku ya tatu, kwa hiyo jioni ile nilitoka kwenda kuchukua simu yangu kwa Benny, baba mmoja wa mtaa wa Birere, hapa Goma, anayechaji simu za mtaa mzima kwa sola yake. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na kitenge juu. Ilikuwa Julai, vumbi tupu, watu wengine wamevaa nguo za mikono mifupi. Mimi nilikuwa na baridi. Baridi hiyo ilinianza mwaka jana na haikuwahi kuniacha hata siku moja.

Benny alinipa simu huku akiniangalia pembeni.

"Bénita, kuna mutu alikuita mara saba. Namba ya Ulaya. Naitika, hasemi kitu."

"Hasemi kabisa?"

"Nasikia maji tu. Sawa ziwa likiwa na upepo."

Nikashukuru, nikaondoka. Giza lilikuwa linaingia, lile giza letu la saa kumi na mbili na nusu lisilobisha hodi. Nilikuwa napita kwenye mawe ya volkano nyuma ya soko, nanusa moshi wa makaa na sambaza za kukaanga, samaki wadogo wa ziwa letu, nikiwaza chakula tu, simu ilipoita mkononi.

Namba ya Ulaya.

Nikaitika. Kweli, maji... Yanakuja, yanarudi. Kisha mtu akavuta pumzi.

"Yaya."

Nilisimama palepale. Duniani kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuniita Yaya, dada mkubwa. Na huyo tulikuwa tumeshamzika.

"Usikate, nakuomba. Kila mara munakata. Ni miye, Élisée."

Ngoja niseme mambo kwa utaratibu, maana mtu akinisikia hivi ataona nimechanganyikiwa. Élisée ni mdogo wangu, hatuna mwingine. Aliondoka Goma miaka mitatu iliyopita na mkoba mmoja wa mgongoni, akazungukazunguka hadi Aljeria, na kutoka kule akaniandikia kwamba kesho wanapanda mtumbwi wa plastiki kuvuka kwenda Hispania. Kesho ile ikawa miezi minane ya kimya. Halafu mtu mmoja akaleta habari kwamba mtumbwi ulizama na hakupona hata mmoja. Papa Zihindula, baba yetu, alifanya kazi ya ukarani maisha yake yote, na hawezi kuvumilia jambo lisilofungwa. Akasema basi, tumzike.

Sisi watu wa upande wa Bukavu, mtu wetu akifia mbali na mwili usirudi, tunazika mgomba. Unakatwa urefu wa mtu, unafungwa katika nguo yake aliyokuwa akiivaa, unalazwa shimoni, na baba anaita jina mara tatu. Asipoitika mtu, shimo linafukiwa. Goma ni mawe, huwezi kuchimba kaburi bila kuvunja jembe, kwa hiyo tulimzika Kibumba, pembeni ya shamba la kabichi la Papa. Padiri alisoma misa. Ile ya shimo hakuambiwa.

Kazi ya kuufunga mgomba nilipewa mimi, kwa sababu mimi nauza chagua, nguo kuukuu kutoka Ulaya, na mikono yangu inajua nguo. Papa alinipa shati la Élisée la shule, jeupe, lenye doa la wino mfukoni. Nikalinusa. Lilikuwa bado lina harufu yake... Nikafanya ujanja. Nikalificha shati, nikaufunga mgomba katika pulova yangu mwenyewe ya kijani, nikafunika na shuka ili wasione. Moyoni nilisema: huyu hamtamzika. Nilijiona mwerevu sana siku ile.

Baridi ilinianza usiku uleule.

Sasa nilikuwa nimesimama kwenye mawe na simu sikioni, meno yanagongana.

"Uko wapi?" nikanong'ona.

"Espagne. Muji wa bahari, banauita Almeria."

"Mwaka muzima na zaidi, Élisée? Hata neno?"

"Kwanza simu yangu ilizama, nilikosa namba zenu. Nyuma yake nilikuwa napiga, Yaya. Munaitika, hamunisikie. Papa ananitukana mwizi, anakata."

Ni kweli. Simu hizo zilikuwepo. Zinaita, hakuna mtu, na Papa anasema ni wezi wa mtandao.

"Leo umenisikia, sijue juu ya nini," akasema. "Nina siku moja tu na usiku moja. Hakuna mutu ameniambia. Ninajua tu, sawa vile unajua mvua iko nakuya. Kesho nitakutembeza ku muji. Weye ulikuwa unataka kuona Ulaya, si vile?"

Simu ikakatika. Nikarudi nyumbani, sikumwambia mtu. Shangazi Domitille, dada mkubwa wa Papa, alikuwa amefika na meli ya kutoka Bukavu kwa sababu mwaka ulikuwa umetimia. Keshokutwa alfajiri tulikuwa twende Kibumba kutoa kilio. Ukishatolewa kilio, marehemu amefungwa, hazungumziwi tena.

Siku moja na usiku mmoja. Nilihesabu mara mbili, nikapata hesabu ileile.

Asubuhi nilikuwa soko la Virunga, nimekaa juu ya robota langu la nguo, video ya kwanza ilipoingia. Bandari. Meli nyeupe ndefu kuliko mtaa wetu, ndege wa bahari wanapiga kelele, jua ndio linatoka. Kisha akageuza simu nikamwona uso. Amekonda. Kovu la nyusi liko palepale, lile alilolipata kwenye baiskeli ya Papa. Nililia hadi jirani yangu wa meza akaniletea maji.

Video zikaja moja baada ya nyingine, na mimi nikatembea Almeria nzima nikiwa nimekaa juu ya nguo za wazungu. Aliniingiza sokoni kwao, paa la juu, samaki wamelala kwenye barafu. Alimsalimia mama muuza samaki kwa lugha yao. Mama yule aliangalia mahali alipokuwa Élisée, akapitisha macho, akamhudumia mtu aliyekuwa nyuma yake. Élisée akachukua tunda, akaliinua juu. Hakuna aliyegeuka. Akalirudisha.

"Unaona?" sauti yake ilikuwa ya chini. "Banapita tu. Toka mwaka jana mu mwezi wa saba. Mbele ya pale walikuwa wananiona, hata polisi."

Mwezi wa saba mwaka jana ndio tulipozika.

Saa sita alipanda ngazi za ngome yao ya zamani, kuta ndefu juu ya kilima. Kutoka juu alinionyesha mji mweupe wenye mapaa bapa, na bahari isiyo na mwisho. Upande wa pili kulikuwa na plastiki, plastiki hadi milimani, inang'aa. Ni mashamba. Alilima nyanya mle ndani, na kila asubuhi msimamizi alikuwa anamuuliza yeye ni nani. Aliposema hivyo alicheka kidogo, halafu akaacha.

Pale juu ya ngome paka wa kijivu alitoka kwenye kivuli cha ukuta, akaja akajisugua kwenye mguu wake. Mkia juu. Nilimwona vizuri. Niliona pia kivuli cha Élisée kwenye ukuta, cheusi, kirefu kama cha mtu yeyote. Nasema haya sasa kwa sababu baadaye nilijifanya sikuyaona.

Nikamwandikia: unakula?

Akajibu kwa sauti. "Nakula. Njaa nasikia. Jua linaniunguza shingo. Yaya, mutu mwenye kufa anaunguzwa na jua?"

Mteja mmoja alikuwa ananiuliza kama suruali ile inapungua kiunoni. Nikamjibu mteja. Élisée sikumjibu.

Huku kwetu saa kumi na mbili na nusu ni giza. Kule saa ni ileile, lakini jua lilikuwa bado juu ya nyumba, wazee wamekaa kwenye mabenchi, watoto wanakimbizana kwenye maji yanayoruka kutoka chini. Sikuweza tena kulibeba jambo lile peke yangu. Niliingia jikoni, Shangazi anatwanga sombe, majani ya muhogo, nikamwekea simu mbele ya macho.

"Shangazi, angalia. Élisée huyu. Iko muzima."

Aliangalia muda mrefu. Mchi mkononi.

"Naona barabara," akasema. "Naona bazungu banakula. Yeye iko wapi?"

"Huyu hapa, mbele. Anapunga mukono."

Shangazi akaweka mchi chini. Akamwita Papa. Papa alifuta miwani, akaangalia, akanirudishia simu.

"Hakuna mutu," alisema. Akatoka nje bila kofia.

Mimi nilikuwa namwona. Alikuwa ananipungia mkono, anacheka, meno yote nje.

Shangazi alifunga mlango wa jikoni kwa mguu. Akasogea karibu hadi nikanusa sombe mbichi kwenye vidole vyake.

"Bénita. Mugomba uliufunga na nguo gani?"

Nikamwambia. Hakunifokea, na hilo liliniogopesha zaidi. Alinishika vidole, akaviangalia kwenye mwanga wa taa. Chini ya kucha zangu kulikuwa na udongo mweusi. Mimi nauza nguo, sishiki jembe. Udongo ule nilikuwa nautoa kila asubuhi kwa sindano, mwaka mzima, bila kumwambia mtu.

"Shimo umelipatia jina la mumoja na nguo ya mwingine," Shangazi alinong'ona. "Linawashika bote wawili, nusu nusu. Kesho tukitoa kilio litafunga. Litachukua mumoja, muzima."

"Tukitia shati lake?"

"Litachukua mwenye shati. Kama alikufa ku maji, atalala vizuri, na weye utapona."

"Na kama hajakufa?"

Aliokota mchi.

"Na nikiutoa mugomba nje?"

"Basi shimo liko wazi, na linajua harufu yako. Utalala weye." Alianza kutwanga tena, polepole. "Mutoto alizama, Bénita. Batu bote walizama. Anakuita juu ya kuwa iko peke yake mule. Maiti inakuwa na wivu. Lete shati."

Saa nne usiku alipiga tena, na safari hii ilikuwa video ya moja kwa moja. Nilijifunika blanketi kichwani. Mji wao ulikuwa umewaka taa, watu wamekaa nje wanakula na kunywa, gitaa mahali fulani. Alipita katikati yao. Mzee mmoja alitaka kukalia kiti alichokuwa amekikalia Élisée, ikabidi mdogo wangu aruke. Halafu taa zikapungua, nikasikia mchanga chini ya viatu vyake. Alifika kwenye daraja la chuma la zamani linaloingia baharini, refu, limeishia hewani. Akakaa chini yake.

Na chumbani kwangu, Goma, nikasikia harufu ya chumvi. Ziwa letu halina chumvi.

"Yaya," alinong'ona. "Toa ile mugomba."

Hakuna aliyemwambia habari ya mgomba.

"Mugomba gani?"

"Iko mugongoni mwangu. Nikilala nausikia. Uko naoza, na miye niko naoza naye. Udongo ku uso. Kitu kimoja tu kinanipatia joto..." Maji yanakuja, yanarudi. "Pulova yako. Ile ya vert, rangi ya majani. Naisikia hapa ku kifua. Inanuka sabuni ya kwetu. Bila ile pulova, Yaya, ningekuwa nimekwenda zamani."

Niliuma blanketi nisipige kelele.

"Utautoa?"

"Nitautoa," nikasema.

"Ahidi."

"Naahidi, Élisée."

Alicheka, cheko lake la utotoni, la kuishiwa pumzi. Akasema hatarudi kulala kwenye nyumba ya wahamiaji, atangoja jua palepale mchangani, ili likitoka na mtu wa kwanza akimsalimia, anipigie. Niliahidi. Simlaumu Shangazi kwa lolote, wala Papa. Niliahidi kwa mdomo wangu.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka kwa pikipiki mbili. Tulipita Kibati kwenye ukungu, mlima wa volkano ukiwa na wekundu wake juu. Ndani ya mkoba wangu lilikuwemo shati jeupe. Nilijiambia nimelibeba tu, bado sijaamua. Baridi ilikuwa imenifika mifupani, miguu siihisi, na kila nilipomeza mate nilisikia ladha ya udongo. Nilikuwa naogopa kufa. Sina namna nyingine ya kulisema.

Kibumba inanuka kabichi na moshi. Papa alikuwa ameshaambiwa yote na Shangazi; alitaka kuchimba, nikamnyang'anya jembe. Udongo wa pale ni mweusi, laini, unaingia kama maji. Nilichimba hadi jembe likagonga kitu kilichotoa sauti ya mbali...

Mgomba wa mwaka mzima ungekuwa umekuwa tope. Ule ulikuwa mweupe, una maji, kama umekatwa jana. Shuka ilikuwa imeoza yote. Pulova ya kijani ilikuwa nzima.

Nikapiga magoti, nikaingiza mkono.

Ilikuwa na joto.

Nimeuza nguo miaka tisa. Najua joto la jua kwenye nguo, najua joto la pasi. Lile lilikuwa joto la nguo aliyoivua mtu sasa hivi, joto la kwapa na kifua. Maiti haina joto hilo. Nilijua, pale pale, nikiwa nimepiga magoti, kwamba mdogo wangu yuko hai, na kwamba ujanja wangu wa mwaka jana ndio uliomshikilia.

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa kwa mkono mwingine. Alikuwa yeye. Huku kulikuwa kumepambazuka, kule bado giza, mstari mwembamba tu wa mwanga juu ya bahari.

"Yaya, nasikia munanishika," alisema kwa furaha. "Ndo unautoa?"

Shangazi alisimama juu yangu. "Fanya mbio. Jua liko natoka."

Sikuisikia tena miguu yangu. Nilihisi shimo likinivuta kwa magoti, taratibu, bila haraka. Ningeweza kuunyanyua mgomba ule. Haukuwa mzito. Niliweka simu kifudifudi kwenye majani, nikaivuta pulova, nikauvisha mgomba shati jeupe. Nilifunga hata vifungo.

Papa akavua kofia. Akaita.

"Élisée mwana wa Zihindula."

Kimya.

"Élisée mwana wa Zihindula."

Upepo kwenye kabichi.

"Élisée mwana wa Zihindula."

Kutoka kwenye majani, kwa sauti ndogo ya simu, akaitika.

"Papa?"

Papa alisikia. Niliona bega lake likishtuka. Alisimama kidogo, sepetu mikononi, kichwa kimeinama. Kisha akaanza kufukia. Alifukia haraka, mzee wa miaka sabini, hakupumzika hata mara moja. Simu iliita "Papa? Papa?" na kila udongo ulipodondoka sauti ilizidi kuwa nzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni, mpaka ikabaki bahari peke yake.

Baridi ilinitoka mara moja. Nilitokwa jasho mgongoni, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka.

Mchana ule ilipiga namba yake. Haikuwa sauti yake. Alikuwa Landry, mtoto wa Uvira, anakaa kwenye nyumba ileile ya wahamiaji. Alisema amekuta namba yangu ya mwisho kwenye simu iliyookotwa mchangani.

"Dada, pole sana. Walimuokota asubuhi chini ya daraja. Maji hayakumufika, nguo zake kavu. Miezi yote tulikuwa naye, kitanda chake kiko karibu na changu, lakini nashindwa kueleza... tulikuwa tunamusahau. Sahani yake tunasahau. Leo amekufa, kila mutu anamuona. Mama mwenye kuuza samaki alilia."

Nilihamisha simu sikio la pili.

"Daktari anauliza kitu kimoja. Mudomo wake ulijaa udongo. Udongo mweusi, wa shamba, mpaka ku koo. Huku hakuna udongo wa rangi ile. Kwenu kuna desturi fulani?"

Nilimwambia mtandao ni mbaya, simsikii. Nikakata.

Papa haniulizi kitu, nami simuulizi. Tunakula meza moja, anapitisha chumvi. Shangazi alirudi Bukavu na meli, ananiandikia kwamba ananiombea na kwamba marehemu sasa amelala. Wateja wanasema nimenawiri. Kucha zangu ni safi.

Pulova ya kijani nimeifua mara tano. Nimeianika nje usiku wa upepo, nimeiloweka ziwani nikaiwekea jiwe juu. Haipoi. Mwishowe nimeichanganya na chagua nyingine pale mezani, maana ni nguo nzuri, haina hata tundu. Watu wanaivuta kwenye rundo, wanaishika, halafu mkono unasita.

"Mama, hii mutu ameivua sasa hivi? Mwenyewe iko wapi?"

Nawajibu ameenda Ulaya.